Hewa Haba na Uwanja Mrefu: Historia ya Ndege Kuinuka Katika Nchi Zetu

Nyashimo ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Tangu mwaka 2012 mji huo umekuwa makao makuu ya Wilaya ya Busega katika Mkoa wa Simiyu. Mbele yake yako maji ya Ghuba ya Speke. Nyuma yake ardhi yaelekea Bariadi na mbuga za Serengeti. Mgeni atokaye pwani, akiyaona maji yale mapana na mitumbwi ikienda na kurudi, huenda akadhani kwamba amefika tena usawa wa bahari. Sivyo. Uso wa Ziwa la Viktoria u karibu mita 1,134 juu ya bahari, na kila aliyesimama ufukweni Nyashimo amesimama, kwa hesabu ya hewa, juu ya mlima usioonekana. Mvuvi hapati hasara yoyote kwa jambo hilo, wala mkulima wa pamba. Lakini ndege yalijua, na gharama yake hulipwa kila inapotaka kuiacha ardhi.

Katika makala haya nakusudia kueleza mambo mawili yaliyozoeleka kuelezwa mbali mbali. La kwanza ni la elimu ya maumbile, yaani jinsi ndege inavyoweza kuinuka. La pili ni la historia: jinsi ndege zilivyopata kuinuka katika nchi za Afrika Mashariki, tangu Rufiji mwaka 1915 hata Serengeti mwaka 1958. Waandishi wengi wa habari za safari za anga hutusimulia ushujaa wa marubani, na marubani wale walikuwa mashujaa kweli. Dai langu ni kwamba ushujaa hauwezi kuinua hata kilo moja. Katika hewa haba kama yetu, kinachoinua ndege ni mwendo. Mwendo hununuliwa kwa urefu wa uwanja. Na urefu wa uwanja, katika miaka ile, ulinunuliwa kwa jembe. Asiyeifahamu kanuni ya kwanza hawezi kumwona mtu aliyelishika jembe hilo.

Tuanze na jina lenyewe. Lugha yetu iliita chombo hiki ndege, kwa kuwa kilifanana na kiumbe kirukacho. Jina hili ni zuri, lakini lina mtego, kwa maana humfanya mtu atafute mbawa zinazopiga hewa. Afadhali tumtazame mwari wa Ziwani. Ndege huyo mzito hawezi kupaa pale pale alipokaa: hukimbia juu ya maji, akiyapiga kwa miguu, hata mwendo wake uwe mkubwa wa kutosha, ndipo hubebwa na hewa. Tumbusi wa Serengeti naye hangoji bure asubuhi. Hungoja jua lipashe ardhi moto na hewa ianze kupanda, apate kuinuliwa bila kujichosha. Mmoja anatufundisha kwamba uzito hudai mwendo; wa pili anatufundisha kwamba hali ya hewa ni nusu ya safari.

Ndege iliyo uwanjani huvutwa na kani nne. Uzito waivuta chini. Msukumo wa rafadha au wa mtambo wa kisasa waipeleka mbele. Ukinzani wa hewa, pamoja na mkwaruzo wa magurudumu, waivuta nyuma. Na kani ya kunyanyua, itokanayo na mabawa, yaipeleka juu. Mwingereza George Cayley ndiye aliyezitenga kani hizi waziwazi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, akaonyesha kwamba kazi ya kunyanyua na kazi ya kusukuma ni kazi mbili, na kwamba bawa halina haja ya kupigapiga. Kutoka hapo ilichukua zaidi ya miaka 100 hata ndugu wawili Wright walipoinuka huko Marekani tarehe 17 Desemba 1903, kwa safari ya sekunde 12 na mita zipatazo 36.

Bawa linanyanyuaje? Mabaharia wetu walikwisha kuijua siri hii zamani, ila wao waliisimamisha wima. Tanga la jahazi linapobisha halisukumwi tu na upepo kutoka nyuma kama jani mtoni. Tanga hulikunja pepo, hulielekeza upande mwingine, na kwa kulipinda hivyo lenyewe husukumwa upande wa pili. Bawa la ndege ni tanga lililolazwa. Kwa mwinamo wake na kwa mgongo wake uliobinuka, huichukua hewa inayokuja mbele na kuielekeza chini. Na kwa kuwa kila tendo lina jibu lake, kama alivyoandika Isaac Newton mwaka 1687, hewa isukumwayo chini hulisukuma bawa juu. Twaweza pia kulisema jambo hilo hilo kwa upande wa mgandamizo: juu ya bawa hewa huenda mbio na mgandamizo wake hupungua, chini ya bawa mgandamizo huwa mkubwa zaidi, na tofauti ya hizo mbili ndiyo inayobeba chombo. Kanuni inayofunganisha mwendo na mgandamizo yanasibishwa na Daniel Bernoulli, aliyetoa kitabu chake juu ya mwendo wa maji mwaka 1738. Maelezo haya mawili hayashindani. Ni hesabu moja iliyoandikwa katika madaftari mawili.

Hapa yafaa tusahihishe kosa lililoenea katika vitabu vingi vya shule. Wanafunzi huambiwa kwamba hewa ikigawanyika mbele ya bawa, ile ya juu ina njia ndefu zaidi, nayo hulazimika kwenda mbio ili ikutane tena na mwenzake nyuma ya bawa. Hakuna sheria yoyote ya maumbile inayoilazimisha ikutane naye. Majaribio ya kupitisha moshi juu ya bawa yameonyesha kwamba hewa ya juu hufika nyuma mapema kuliko ile ya chini, wala hazikutani. Isitoshe, zipo ndege ziwezazo kuruka chali, na mabawa yenye umbo sawa juu na chini. Vyote viwili visingewezekana kama hadithi ile ingekuwa kweli.

Sasa tufike kwenye hesabu, kwa kuwa ndiyo itakayotuongoza katika historia. Kani ya kunyanyua hutegemea mambo manne: unene wa hewa, mwendo wa ndege katika hewa hiyo, eneo la mabawa, na umbo pamoja na mwinamo wake. Mwendo una nguvu kuliko yote, kwa kuwa huhesabiwa kwa kuzidishwa wenyewe kwa wenyewe. Ukiongeza mwendo mara mbili, kani ya kunyanyua huongezeka mara nne. Mwinamo nao husaidia, lakini una mpaka: rubani akizidi kuinua pua ya ndege, hewa ya juu huachana na bawa, na kani ya kunyanyua huporomoka ghafla. Ndiyo sababu rubani hawezi kuilazimisha ndege ipae kabla ya wakati wake. Itampasa angoje mwendo.

Na mwendo wenyewe ni mwendo katika hewa, si juu ya ardhi. Siku ile ya mwaka 1903 upepo uliovuma usoni mwa ndugu Wright ulikuwa karibu kilomita 43 kwa saa, na chombo chao kilikwenda juu ya mchanga polepole kiasi kwamba mtu aliweza kukimbia kando yake. Upepo ulikuwa umekwisha kuwapa sehemu kubwa ya mwendo waliouhitaji. Kwa sababu hiyo hiyo ndege hukabili upepo inapoondoka, na haiupi mgongo.

Unene wa hewa ni uzito wa hewa iliyomo katika mita moja ya ujazo. Usawa wa bahari, kwa joto la nyuzi 15, wataalamu huuhesabu kuwa kilo 1.225. Kadiri tupandavyo mgandamizo hupungua, na kadiri joto lizidivyo hewa hutanuka. Katika kimo cha Nyashimo, mchana wenye joto la nyuzi 30, mita ile ile moja huwa na kilo 1.02 hivi, yaani hewa imepungua kwa asilimia 17. Ndege ihitajiyo mwendo wa kilomita 90 kwa saa ili iinuke katika uwanda wa Ulaya itahitaji kilomita 99 hapa petu. Mtu aweza kusema kwamba nyongeza ya kumi katika mia si kitu. Lakini umbali wa kukimbia huenda kwa mwendo uliozidishwa wenyewe, na kwa hiyo huzidi kwa asilimia 20. Tena injini ya kawaida huvuta hewa hiyo hiyo haba ili iunguze mafuta yake, na rafadha huishika hewa hiyo hiyo haba ili isukume; kama msukumo nao ukipungua kwa kiasi kile kile, umbali huwa karibu mara moja na nusu. Iliyotosheka na mita 600 itataka 870, kabla hatujayahesabu majani marefu na tope.

Wazee wa pwani walisema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Walikuwa wakiwazungumzia watoto wachezao juu ya dari za nyumba za mawe, lakini sijui msemo mwingine uwezao kueleza vizuri zaidi hali ya rubani. Uwanja wake una ukingo. Ama awe amepata mwendo kabla ya kuufikia, ama asimame, ama aanguke.

Wa kwanza kuufikia ukingo huo katika nchi yetu walikuwa marubani wa vita. Mwezi Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, mahali ambapo meli kubwa za adui hazikuweza kuifuata. Waingereza walihitaji macho ya angani. Mwezi Novemba mwaka ule rubani wa kiraia, Cutler, aliruka na ndege ya majini aina ya Curtiss kutoka kisiwa cha Nyororo karibu na Mafia, akaiona. Mapema mwaka 1915 zikaletwa ndege nyingine za majini, aina ya Sopwith, zilizokusudiwa kubeba mabomu. Zilipojaribiwa katika joto la pwani zikashindwa: zikiwa na watu, mafuta na mabomu, hazikuweza kuyaacha maji. Zilizofuata, aina ya Short, ziliinuka, lakini hazikuweza kupanda juu kiasi cha kujiepusha na risasi.

Tujiulize sababu. Delta ya Rufiji haina kimo. Hewa ya pale, kwa joto la nyuzi 30, ni pungufu ya ile ya kipimo kwa asilimia tano tu, na unyevu huipunguza tena kidogo, kwa kuwa mvuke ni mwepesi kuliko hewa kavu. Lakini zile Sopwith zilikuwa na injini za nguvu ya farasi 100 tu, nazo hata kwao Ulaya ziliinuka kwa shida. Chombo kisicho na akiba hushindwa kwa upungufu mdogo, kama vile mwenye shilingi mia kamili asivyoweza kununua kitu cha shilingi mia na tano. Wakati ule lilaumiwa joto la Afrika, kana kwamba nchi ilikuwa na nia mbaya. Hesabu yaonyesha kwamba nchi haikuwa na hatia. Chombo ndicho kilichotengenezwa kwa hewa ya mahali pengine.

Dawa iliyopatikana yatufundisha jambo. Katikati ya mwaka 1915 zililetwa ndege za magurudumu, aina ya Caudron na Henri Farman, na uwanja ukafyekwa katika kisiwa cha Mafia. Ndege hizo hazikuburuta maboya mazito majini, wala hazikugandwa na maji. Zilihitaji ardhi tu. Kutoka Mafia ziliruka kwenda Rufiji kuwaonyesha wapiga mizinga mahali risasi zao zilipoangukia, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaangamia. Siku ile ile ndege mojawapo ilipigwa, na rubani Cull na mwenzake Arnold wakaangukia mtoni, wakaokolewa.

Vita vilipokwisha, serikali ya Uingereza ilitaka kufungua njia ya anga kutoka Cairo hata Cape Town. Mwaka 1919 yalitumwa makundi matatu ya wapimaji kuchagua na kusafisha viwanja, zaidi ya 40 kwa jumla, katika njia iliyopita Sudani, Uganda, pande za Ziwa la Viktoria, Tabora na kuendelea kusini. Yeyote aijuaye nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi ataelewa kazi yenyewe ilikuwa nini. Miti ya miombo ilikatwa na visiki kung'olewa. Vichuguu, ambavyo mchwa wamevijenga kwa miaka mingi vikawa vigumu kama saruji, vilibomolewa kwa sururu na majembe, na udongo wake ukachukuliwa kwa vikapu. Mvua zikija majani huota tena na mchwa hurudi kazini. Kwa hiyo uwanja haukuwa kitu cha kufanywa mara moja bali deni la kila mwaka.

Mapema mwaka 1920 viwanja hivyo vikajaribiwa. Gazeti la The Times la London lilidhamini ndege kubwa aina ya Vickers Vimy Commercial, iliyoondoka Uingereza tarehe 24 Januari ikiongozwa na marubani Cockerell na Broome, pamoja na mtaalamu wa wanyama Peter Chalmers Mitchell. Ilifika Tabora, na huko, tarehe 27 Februari, ilipokuwa ikiondoka, ilianguka na kuvunjika. Watu walipona, safari ikaishia pale. Nyuma yao walikuja Waafrika Kusini wawili wa asili ya Kizungu, van Ryneveld na Brand. Vimy yao ya kwanza, Silver Queen, iliharibika kabla ya kufika Khartoum. Ya pili iliwafikisha hata Bulawayo, na huko, tarehe 6 Machi, nayo ilianguka wakati wa kuondoka. Walimalizia safari kwa ndege ya tatu, waliyopewa kwa msaada.

Tabora ni karibu mita 1,200 juu ya bahari. Bulawayo ni zaidi ya mita 1,300. Ndege mbili za jamii moja, zenye injini mbili za Rolls-Royce kila moja, zilianguka katika muda wa siku nane, zote mbili wakati wa kuiacha ardhi, zote mbili katika nyanda za juu zenye joto. Kila ajali huwa na sababu zake za karibu, za mtambo au za uwanja, na sidai kwamba hewa peke yake iliziangusha. Nasema kwamba hewa ilikwisha kuwanyang'anya akiba yao kabla hawajawasha injini. Katika uwanda wa Uingereza injini ikikohoa, au gurudumu likizama kidogo, rubani bado ana kitu cha kukopa. Tabora deni hudaiwa papo hapo.

Kuna njia mbili za kuikimbia hali hiyo: kupata injini yenye nguvu zaidi, au kupata uwanja usio na ukingo. Kwa muda wa miaka ishirini hivi, njia ya pili ilipatikana katika Ziwa. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya kutoka London hata Mwanza. Sehemu ya kutoka Khartoum hadi Ziwani ilipitwa kwa ndege za majini aina ya Short Calcutta, zenye injini tatu. Mwaka uliofuata njia ilirefushwa hata Cape Town kwa ndege za nchi kavu, ikipita Kisumu, Nairobi, Dodoma na Mbeya, na Mwanza ikabaki pembeni. Lakini Ziwa halikuachwa: tangu mwaka 1937 ndege kubwa za majini zenye injini nne zilitua Kisumu katika safari yao kati ya Southampton na Durban, zikishukia pwani yetu Mombasa na Dar es Salaam.

Mtu aweza kuuliza: Ziwa li juu kama nchi inayolizunguka, basi ndege ilipata faida gani? Haikupata hewa nene zaidi. Ilipata urefu. Juu ya maji hakuna kisiki wala kichuguu, na ukingo u mbali kilomita nyingi. Hata hivyo maji nayo hudai ushuru wake. Ndege ya majini ikisimama huelea kama mtumbwi. Ikianza kukimbia hulima maji mbele yake, na ukinzani huwa mkubwa kabisa. Mwendo ukizidi, tumbo lake hupanda na kuteleza juu ya maji kama jiwe bapa lililorushwa na mtoto. Ili maji yasiligande, wajenzi waliweka ngazi moja chini ya tumbo, hewa ipate kuingia hapo na kuyatenga maji na ubao. Marubani wa ndege hizo waliogopa mawimbi makubwa, na pia hawakupenda maji yaliyotulia kama kioo, kwa sababu maji laini hushika zaidi. Kilichowafaa ni upepo wa kiasi, wenye kuchafua uso wa maji na kuwapa mwendo wa bure usoni. Mvuvi wa Ghuba ya Speke angewaelewa bila mkalimani.

Zama hizo zilikwisha mwaka 1950, shirika la BOAC lilipoacha kutumia ndege za majini. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimeacha viwanja vingi vya nchi kavu na injini zenye nguvu kuliko zamani. Shirika la East African Airways, lililoanza kazi mwaka 1946 kwa ndege ndogo za Dragon Rapide na kufa mwaka 1977, lilikulia katika viwanja vya nchi kavu. Ukingo uliosahauliwa Ziwani ukarudi, na kwa hiyo likarudi swali la urefu, na pamoja na urefu, swali la nani atakayechimba.

Jibu moja la swali hilo liko Nairobi. Uwanja wa Embakasi, ambao leo huitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, ulifunguliwa mwaka 1958. U zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na njia yake ya kurukia leo ina zaidi ya kilomita nne. Ile kubwa ya Dar es Salaam, iliyo karibu na usawa wa bahari, ina kilomita tatu hivi. Waliochimba Embakasi wakati wa Hali ya Hatari walikuwemo mahabusu wa Mau Mau, waliofanyishwa kazi hiyo chini ya ulinzi wa bunduki. Mhandisi aliyekaa mezani aliandika kimo, joto na uzito wa ndege, akapata urefu. Urefu ule haukubaki karatasini. Uligeuka kuwa siku za kazi za watu wasio huru. Sijui mfano mwingine katika Afrika Mashariki unaoonyesha kwa ukali zaidi jinsi kanuni ya maumbile inavyoweza kuwaangukia wanadamu wasioulizwa.

Katika miaka ile ile, mashariki ya Nyashimo, njia ya tatu ilionyeshwa: kuibadili ndege yenyewe ili isihitaji uwanja mrefu. Mwanzoni mwa mwaka 1958 Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael, waliruka juu ya Serengeti kuhesabu wanyama, mpaka ukanda wa magharibi unaofika karibu na Ghuba ya Speke. Walitumia ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, iliyopakwa milia ya punda milia. Ndege za jinsi hiyo zina mabawa makubwa kwa kulinganisha na uzito wake, na vibawa vya nyuma vishukavyo wakati wa kuinuka, ili bawa liipinde hewa zaidi katika mwendo mdogo. Hebu tufanye hesabu. Ndege yenye tani moja na nusu, na mabawa ya mita 12 kutoka ncha hadi ncha, ikienda kilomita 90 kwa saa katika hewa yetu, hupitia kila sekunde karibu tani tatu za hewa, na ili ibebwe lazima iipe hewa yote hiyo mwendo wa chini wa mita tano hivi kwa sekunde. Hivyo ndivyo ilivyo kuruka: kazi ya kupakua hewa bila kupumzika. Kwa chombo kama hicho waliweza kutua na kuondoka katika majani matupu. Walihesabu wanyama wakubwa 366,980. Tarehe 10 Januari 1959 tumbusi aligonga bawa la ndege ile ikiwa angani, ikaanguka, na Michael akafa. Kaburi lake li ukingoni mwa Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, amezikwa kando yake.

Nimeyaeleza haya kwa Kiswahili kwa makusudi. Tangu Kiswahili kifanywe lugha ya taifa, wamekuwako watu wanaosema kwamba lugha hii yafaa kwa siasa, kwa mashairi na kwa soko, lakini elimu ya maumbile itaivunja mgongo. Hadi leo mwanafunzi wa Nyashimo aingiapo sekondari hufundishwa fizikia kwa Kiingereza, naye hukariri kanuni ya bawa bila kujua kwamba babu yake aliitumia kila alipogeuza tanga. Lakini tazama: rubani ni neno la jahazini, alikuwa mwenye kuongoza chombo kati ya miamba, rafadha ilikuwa ya meli za moshi kabla ya kuwa ya angani, tanga, upepo, kubisha, vyote vilikuwa tayari. Lugha iliyovuka bahari ya Hindi kwa matanga haiwezi kuwa ngeni katika elimu ya mabawa. Kinachopungua ni walimu wenye kuthubutu, wala si maneno.

Faida ya kuthubutu huko yapita darasa la fizikia. Maadamu sayansi inakaa katika lugha moja na kumbukumbu za wazee katika nyingine, mambo hayo mawili hayawezi kuulizana maswali. Vitabu vya safari zile huwataja marubani kwa majina na vibarua kwa hesabu. Msomi ajuaye kwamba hewa ya Tabora ni pungufu ataelewa kwa nini uwanja ulihitaji kuwa mrefu. Na akishaelewa hivyo atauliza ni kijiji gani kilichotoa watu wa kuurefusha, kwa ujira gani, mashamba yao yakiwa katika hali gani msimu ule. Maswali hayo yamo katika majalada ya watawala wa wilaya na katika vinywa vya wajukuu. Naliweka jambo hili mbele ya wanafunzi wetu wa historia, hasa wale watokao Usukuma na Unyamwezi, kama kazi inayostahili shahada.

Hewa ya Nyashimo itabaki haba kama ilivyokuwa. Ndege za siku hizi zina nguvu kuliko Vimy mara nyingi, lakini kila moja iondokayo Mwanza wakati wa adhuhuri bado hupimwa uzito, joto na upepo kwa kanuni ile ile iliyoihukumu ile ya Tabora. Abiria aliyefunga mkanda huona ardhi ikimkimbia dirishani, kisha ghafla imemwacha. Katika zile sekunde chache alizobaki juu ya ardhi, amebebwa na mikono ya watu waliosawazisha njia ile.